Mwanangu anarudi kutoka kwa baba yake amevimba midomo, na kila mtu anamlaumu nguruwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka saba. Naishi Moshi, Pasua, nashona nguo na kuuza vitenge. Mimi ni Mwislamu. Baba wa mtoto ni Mkristo, Mmeru wa Tengeru, na tulifunga ndoa bomani kwa sababu kila ukoo uligoma kuja kwenye nyumba ya ibada ya mwenzake. Ndoa haikudumu. Tuliachana bila kugombana mbele ya watu, na mpaka leo analeta matumizi na ada ya shule bila kusukumwa. Ni dereva wa watalii, anaishi Arusha. Msimu ukichanganya anaweza kukaa porini hata wiki mbili. Akitoka huko ndipo anamchukua mwanawe, Ijumaa jioni mpaka Jumapili.

Pale mjini Arusha kuna mgahawa wa vyakula vya haraka. Jumapili, kabla ya kupanda gari la kurudi Moshi, lazima wapite. Mtoto akirudi ananisimulia mpaka mate yanamtoka: nyama ya ng'ombe, jibini imeyeyuka, bekoni juu yake, mkate wenye punje punje, na ile sosi nyeupe. Bekoni, Shangazi, ni nguruwe. Ni kitimoto kilichovalishwa suti.

Tulipoachana hatukukubaliana mtoto atakula nini. Dini tulisema atachagua mwenyewe akikua. Kwa bibi yake Tengeru najua nguruwe analiwa, hasa sikukuu, nami nilijifanya sijui. Lakini kusikia mtoto anausifia huo mlo ndani ya nyumba yangu, na mama yangu amekaa pale anasikia, ni jambo lingine kabisa.

Sasa shida yenyewe. Mwezi uliopita walipofika Usa River mtoto akaanza kujikuna shingo na tumbo. Kufika Boma Ng'ombe midomo imevimba, vipele vikubwa vimemtapakaa, akatapika kwenye gari. Nilimpokea stendi nikampa piritoni, akalala, asubuhi hana hata alama. Baba yake akasema ni joto. Zamu yake iliyofuata ikawa vilevile, midomo na vipele. Safari hii hakutapika ila alikohoa sana. Huyu mtoto kifua humbana baridi ya Juni na Julai ikiingia, kwa hiyo kikohozi sikukishangaa.

Mama yangu haoni fumbo lolote. Anasema mwili wa Kiislamu umemkataa nguruwe. Dada yangu ana ushauri mwingine: nisipoteze muda kubishana na mwanamume kuhusu dini, nimwambie tu kwamba mtoto amepimwa hospitali kubwa na daktari amepiga marufuku nguruwe. Neno la daktari halina mjadala. Ukweli ni kwamba hatujaenda kwa daktari yeyote.

Baba yake nilipompigia alikuja juu. Anasema mtoto huyu anakula kila kitu, aleji itoke wapi? Na kweli, chapati na maandazi ni kila siku, maziwa anakunywa, mchuzi wa nyama ya ng'ombe anamaliza, keki anapigania. Anachokataa ni mayai tu, ya kuchemsha na ya kukaanga, anasema yanamwasha ulimi. Mimi nimeona ni kudeka. Baba yake anasema nimetunga ugonjwa ili nimnyime mtoto, na kwamba saa ile ya Jumapili ndiyo pekee anayoifurahia na mwanawe.

Mtoto alisikia simu ile. Jioni akaniambia, "Mama, nikijikuna tena usimwambie baba, ataacha kunipeleka."

Tangu hapo silali vizuri. Wiki ijayo ni zamu ya baba yake. Nikisema wazi kwamba nguruwe unaniumiza moyo, ataniambia nimevunja makubaliano ya dini. Nikitumia maneno ya dada nitakuwa mwongo, lakini mtoto atakuwa salama na mimi nitakuwa nimepata nilichotaka. Nishike lipi?

Mama wa Pasua

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mawazo, na ahsante kwa kuandika kwa urefu, maana katika mambo uliyoyataja kwa kupita tu kuna mawili matatu ambayo huenda yana uzito kuliko yale uliyoyapigia mstari.

Nikikuelewa vizuri, kuna mwili wa mtoto unaokataa kitu fulani. Kuna imani yako, ambayo umeimeza kwa miaka ili amani iwepo, na sasa imekukwama kooni. Halafu kuna baba anayeogopa kupunguziwa mtoto. Yote matatu yamekutana kwenye baga moja, na dada yako anakushauri utumie la kwanza kumaliza la pili. Naelewa kwa nini linavutia. Ila naomba kabla ya kuamua tuifungue hiyo baga tuone ndani kuna nini, kwa sababu ninyi nyote, wewe, mama, dada na hata baba yake, mmeangalia bekoni tu.

Bekoni ni nyama ya tumbo au mgongo wa nguruwe iliyokolezwa chumvi, mara nyingi na sukari kidogo na naitraiti ya sodiamu, kisha ikafukizwa moshi. Hiyo naitraiti ndiyo inayoiacha na rangi ya waridi na kuzuia vijidudu vya sumu kuota. Aleji ya nguruwe ipo duniani, lakini ni nadra. Ipo pia aleji ya nyama inayoletwa na kung'atwa na kupe wa aina fulani. Hiyo humgusa mtu akila nyama ya ng'ombe vilevile, na kwa kawaida huchelewa saa kadhaa baada ya mlo. Mwanao anamaliza mchuzi wa nyama ya ng'ombe salama, na alianza kujikuna gari likiwa Usa River, safari isiyofika hata saa moja kutoka Arusha mjini. Aleji nyingi za chakula hujitokeza hivyo, ndani ya dakika chache mpaka saa mbili.

Kuna swali moja ambalo jibu lake analo baba yake peke yake: je, mtoto amewahi kula nguruwe kwa bibi yake Tengeru, Krismasi au sikukuu nyingine, akabaki mzima? Kama amewahi, mshukiwa wenu anaanza kuonekana hana hatia. Sisemi hivyo kumdharau mama yako. Yeye ameona mjukuu amevimba na ameona kilicho haramu, akaviunganisha, na wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini kinga ya mwili haijui kadhi wala padri.

Sasa tazama vilivyobaki. Mkate una ngano, mara nyingi maziwa, wakati mwingine yai la kupaka juu ili ung'ae. Ngano na maziwa mwanao anavila kila siku, kwa hiyo hata jibini siishuku sana. Nyama yenyewe inaweza kuwa nyama tupu, au ikaongezwa chenga za mkate, yai au soya ili ishikane. Mchuzi wa kahawia wa kuchomea huwa na soya au haradali, na upo mmoja maarufu wa Kiingereza unaotengenezwa kwa samaki wadogo waliochachushwa, jambo ambalo mlaji hawezi kulidhania hata kidogo. Mimi lakini ningesimama kwenye vitu viwili ulivyoniandikia wewe mwenyewe: mkate wenye punje punje, na sosi nyeupe.

Sosi nyeupe, kama ni mayonezi, ni mafuta na yai. Yai lile halijaokwa. Na wewe umeniambia kuwa mtoto anakataa mayai kwa sababu yanamwasha ulimi. Mwanangu, huenda hilo si deko. Watoto wengi wenye aleji ya yai wanakula keki na maandazi bila tatizo, kwa sababu moto wa muda mrefu pamoja na unga hubadilisha protini za yai, lakini yai la kuchemsha likawasumbua na mayonezi ikawasumbua zaidi. Mtoto wa miaka mitano sita hana maneno ya kueleza mzio. Anasema "linaniwasha," sisi tunasema "kula uache madoido." Sikulaumu, hata wauguzi hupitwa na hilo.

Punje za mkate nazo, huenda ni ufuta. Kwenu Moshi mtoto anaweza kumaliza miaka bila kuonja ufuta, tofauti na Zanzibar ambako mkate wa ufuta ni chakula cha kawaida. Kwa hiyo baba akisema "anakula kila kitu," anasema kweli kuhusu vitu vya nyumbani, na ufuta si mmoja wao. Aleji ya ufuta inaweza kuwa kali. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeuweka kwenye orodha ya vyakula 14 ambavyo mgahawa lazima uvitaje kwa mteja, na Marekani iliuongeza kama wa tisa kwenye orodha yake kuanzia Januari 2023. Ajabu ni kwamba baada ya sheria hiyo kuna viwanda vya mikate huko Marekani vilivyoona kazi kusafisha mitambo, vikaanza kuutia ufuta kwa makusudi na kuuandika kwenye karatasi. Biashara ina akili zake.

Mimi si daktari na siwezi kukuambia ni yai, ni ufuta, au ni kitu cha tatu. Ninachokuomba ukione ni hiki. Ukimwambia baba yake kwamba daktari amekataza nguruwe, atakachofanya ni nini? Ni baba anayempenda mwanawe. Atafika pale Jumapili aseme, "Bekoni toa." Baga italetwa haina bekoni, ina mayonezi na ufuta kama kawaida, na mtoto ataila mbele ya mtu mzima anayeamini hatari imeshaondolewa. Hata kikohozi kikianza, baba atasema haiwezekani, nguruwe hatukula. Na kama bibi wa Tengeru anajua mjukuu alishakula nguruwe akacheza mpaka usiku, uongo utafumuka, na siku utakapokuja na onyo la kweli hakuna atakayekusikiliza. Ndiyo maana lile swali la dhambi nimeliacha kwako na kwa Mola wako. Mimi nimeshtushwa zaidi na namna uongo huo unavyoweza kumweka mtoto mahali pabaya kuliko alipo sasa.

Hapo naomba nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo siwezi kulizungushia maneno. Vipele pamoja na kutapika, mara nyingine vipele pamoja na kikohozi, kwa mtoto ambaye kifua humbana wakati wa baridi, hilo linahitaji daktari kabla ya zamu ijayo. Kama kifua hicho ni pumu, aleji ya chakula kwake ni hatari zaidi. Piritoni hupunguza muwasho na vipele. Haifungui koo lililovimba wala kifua kilichobana, kazi hiyo ni ya sindano ya adrenalini inayochomwa kwenye paja. Akikohoa mfululizo, akikoroma, sauti ikikauka, akilegea au akitapika tena na tena, gari lisiendelee na safari mpaka stendi ya Moshi ambako wewe unasubiri na kidonge. Washuke kwenye hospitali iliyo karibu. Kama ni Boma Ng'ombe, hospitali ya wilaya ya Hai ipo palepale. Wakati wa kungoja msaada alazwe, asisimamishwe wala kutembezwa. Akiwa anapumua kwa shida, aachwe akae. Haya baba yake lazima ayajue hata kama hamsemeshani mengine, na mpaka daktari awe amesema neno, baga ile ipumzike, yenye bekoni na isiyo na bekoni. Wala msimjaribu mtoto nyumbani kwa kumwonjesha yai na ufuta ili muone kipi kitamvimbisha. Jaribio la namna hiyo hufanywa hospitali, dawa ikiwa mkononi.

Wewe uko Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC iko mjini kwenu, na inapokea watoto na ina kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi. Uliza juu ya kipimo cha ngozi au cha damu. Ila ujue vipimo hivi vinaweza kuonesha mzio wa kitu ambacho mtoto anakila bila shida, kwa hiyo maelezo yako ni nusu ya uchunguzi: alikula nini, saa ngapi, dalili ipi ilitangulia. Kwa maelezo hayo unamhitaji baba yake. Apite mgahawani, aombe kuoneshwa chupa ya mayonezi na pakiti ya mkate, apige picha maandishi ya viambato. Kumwuliza tu mhudumu "ina nini?" hakusaidii sana. Wengi watakujibu kwa moyo mweupe "haina kitu."

Kuhusu baba mwenyewe, nina wazo, nawe utalipima kwa kuwa unamjua. Huyu ni dereva wa watalii. Kampuni za safari huwauliza wageni kabla hawajatua wana aleji ya nini, mpishi wa kambi hupewa orodha, na lanchi boksi ya mgeni asiyekula karanga haichanganywi na za wenzake. Katika wanaume wote wa mkoa ule, yeye hana haja ya kufundishwa kwamba aleji ni kitu cha kweli. Anachokataa ni kuambiwa na wewe, kwa simu, kwa sauti ya mashtaka. Itakuwaje ukianza kwa kumwomba msaada wa kitu anachokijua? "Mgeni wako angevimba midomo hivi porini, ungefanya nini?" Anaweza kulainika. Anaweza pia kukujibu ovyo, maana bado ana jeraha la kudhani unamtafutia sababu. Lakini mkienda wote wawili hospitali, akasikia kwa masikio yake, neno la daktari litakuwa la kweli na hakuna atakayekuwa amelitunga.

Sasa nguruwe. Usifikiri nimemsahau. Hata kama kipimo kitasema bekoni haina kosa, uchungu wako hautaisha, na haustahili kuambiwa ni mdogo. Mlikubaliana mtoto atachagua dini akikua. Wewe umelielewa hilo kuwa asilazimishwe upande wowote, yeye pengine amelielewa kuwa kwa baba atakula vya kwa baba. Hakuna kati yenu aliyedanganya, hamkumaliza mazungumzo tu. Unaweza kuyarudia sasa, siku nyingine na si siku ya hospitali, ukasema wazi kwamba hili ni la imani yako. Hatari yake umeitaja, atasema unageuka. Faida yake ni kwamba utakuwa umeomba kitu kwa jina lake halisi, na mtu mwenye heshima, kama unavyomweleza, huenda akaona kuacha bekoni kwa ajili ya mama wa mwanawe si gharama kubwa. Unaweza pia kunyamaza kuhusu nguruwe kama ulivyonyamaza huko nyuma, ila jiulize kama kimya hicho bado unakiweza. Kama mtashindwana kabisa, ofisi ya ustawi wa jamii husikiliza wazazi waliotengana, na mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa chai. Ofisi ina nguvu zaidi, lakini ukishamwitia mtu barua, mlango wa kuongea kirafiki hupungua upana.

Jambo dogo: usije ukaokota silaha nyingine ya kitabibu. Utasikia bekoni inaleta kansa. Ni kweli kwamba mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, kwa hesabu kwamba gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Lakini vipande vya bekoni kwenye baga moja havifiki uzito huo, na mwanao hali kila siku. Chumvi ndiyo ingenisumbua mimi. Mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 5 kwa siku, mtoto chini ya hapo, na baga ya jibini na bekoni peke yake inaweza kubeba nusu ya hizo au zaidi. Hilo linazungumzika bila ugomvi.

Kuna mtoto bado. Ameshapanga kuficha. Kabla hujazungumza na mtu mzima yeyote, mkalishe umwambie kwamba kujikuna si kosa, kwamba baba hataacha kumpeleka matembezi kwa sababu ya mwili wake, na kwamba akiwashwa aseme hapohapo kwa mtu mzima aliye karibu. Ingefaa zaidi baba naye amwambie maneno hayohayo. Pengine hilo ndilo ombi la kwanza la kumpelekea, kabla ya yai, ufuta na nguruwe. Saa yao ya Jumapili inaweza kubaki ilivyo, hata wakila nyama choma na ndizi, au baba akawakaangia nyama ya kusaga nyumbani kwa mkate anaoujua.

Ukienda hospitali, beba hizo picha za viambato, na lile la yai kuwasha ulimi lieleze vizuri, lilianza akiwa na umri gani. Kama hukumbuki, muulize mama yako. Mabibi hukumbuka mjukuu alichotema mara ya kwanza kuliko mama aliyekuwa anamlisha.